Vuna Kama Moto Ungevuna: Mwongozo wa Misitu Mikavu ya Misonobari

Simama chini ya msonobari ponderosa (Pinus ponderosa) wenye umri wa miaka 300, siku ya jua kali, usogeze pua karibu na gome. Kuna harufu tamu kama ya vanila. Gome lenyewe ni nene, la rangi ya chungwa, limepasuka mabamba mapana unayoweza kuyabandua kwa vidole. Sasa zunguka uende upande wa juu wa mteremko, uchungulie shina pale linapogusa ardhi. Mara nyingi utakuta kovu jeusi lenye umbo la pembetatu, na ndani yake mikunjo imejipanga mmoja nyuma ya mwingine kama kurasa za daftari lililolowa. Kila mkunjo ni moto mmoja. Mti uliungua kidogo, ukafunga kidonda, ukaendelea kukua, ukaungua tena.

Misitu ya namna hii imetanda magharibi mwa Amerika Kaskazini, kuanzia Arizona na New Mexico hadi mabonde makavu ya British Columbia nchini Kanada. Kwa karne nyingi moto ulipita humo kila baada ya miaka 5 hadi 25 hivi, kwingine mara nyingi zaidi ya hapo. Mwingine uliwashwa na radi, mwingine na wenyeji wa asili, waliouwasha kwa makusudi ili nyasi na matunda ya porini vichipue. Ulikuwa moto mfupi, wa kula nyasi na sindano zilizodondoka. Uliua miche na miti myembamba, ukaiacha mikongwe imesimama.

Kisha moto ukaondolewa. Ng'ombe na kondoo walioingia kwa wingi katika miaka ya 1870 na 1880 walikula nyasi zilizokuwa zikiubeba. Agosti 1910 moto mkubwa uliteketeza takriban hekta milioni 1.2, hasa huko Idaho na Montana, kwa siku mbili tu, na hofu iliyobaki ikazaa sera. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani iliagiza kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa 4 asubuhi ya siku inayofuata kuripotiwa kwake. Wakati huohuo wavunaji walikuwa wakichukua miti minene. Mwaka 1919 huko kusini-magharibi mbegu nyingi na hali nzuri ya hewa vilikutana, miche ikaota kwa wingi usio wa kawaida, na hapakuwa na moto wa kuipunguza. Mahali palipokuwa na makumi ya miti kwa hekta, leo pana mamia, pengine kupita elfu.

Hapo ndipo msumeno unapoweza kusaidia, na hapohapo ndipo unapoweza kumalizia uharibifu ulioanza zamani. Kabla ya kuuwasha, jiulize: moto ungeacha nini hapa?

Hatua ya 1: Jua ni msumbufu gani (moto, wadudu, kuvu au upepo) aliyeumba msitu wako

Usipeleke dawa ya bondeni kileleni. Chini, kwenye joto na ukavu, ponderosa ilizoea moto mdogo wa mara kwa mara. Ukipanda, au ukigeukia miteremko ya upande wa kaskazini yenye unyevu zaidi, ponderosa huchanganyika na miti mingine ya jamii ya misonobari: ya Douglas (Pseudotsuga menziesii) na Larix. Huko moto ulikuwa wa mchanganyiko: hapa umepita chini kwa chini, pale umeua kipande kizima. Ukizidi kupanda unafika kwenye msonobari mwingine, Pinus contorta, ambayo sehemu nyingi koni zake hufungwa kwa utomvu na kufunguka kwa joto la moto. Msitu wa juu namna hiyo huungua wote na kuota wote upya.

Na moto haukuwa peke yake. Mbawakawa wa magome huvamia miti iliyochoka kwa kiu na msongamano, wakaua kikundi na kuacha mwanya wenye miti mikavu iliyosimama. Kuvu wa mizizi kama Armillaria huua polepole, na pengo lake hupanuka mwaka hadi mwaka. Upepo huangusha mmoja huku, wawili kule. Kila mmoja ana umbo lake la kuacha nyuma, na maumbo hayo ndiyo unayokwenda kuyaiga. Ukiyachora kwenye ramani ya eneo lako kabla ya kupanga chochote, nusu ya maamuzi yatakuwa yamejifanya yenyewe.

Hatua ya 2: Soma ardhi kabla ya kusoma soko

Tenga siku kadhaa za kutembea. Katika ukavu ule, kisiki cha msonobari kilichojaa utomvu kinaweza kudumu zaidi ya miaka 100, kwa hiyo msitu wa zamani bado upo, umelala chini. Tafuta visiki vya kale, magogo yanayooza, mashimo yaliyoachwa na visiki vilivyoungua, na miti mikongwe iliyo hai. Vyote uvitie kwenye ramani.

Pima eneo la hekta moja au zaidi kwa mkupuo. Maduara madogo ya kupimia yanakupa idadi ya miti, lakini hayakuonyeshi jinsi ilivyojipanga, na mpangilio ndio unaoutafuta.

Umri usiupime kwa unene. Mti mwembamba kwenye mwamba unaweza kuwa na miaka 250, na mnene ulioota kwenye udongo mzuri ukawa na 90. Tazama dalili: gome la chungwa badala ya jeusi, kilele kilichobapa, matawi machache lakini manene, shina la chini lisilo na matawi. Ukiwa na shaka, tumia keekee nyembamba yenye tundu katikati, utoe kipande cha mbao kutoka gome hadi moyo wa mti, uhesabu pete. Tundu lake ni dogo kuliko kidole. Afadhali mti uvumilie tundu hilo kuliko ukatwe kwa kukisia.

Kanuni moja iliyotumika sana karibu na Flagstaff, Arizona, inasaidia kugeuza ramani kuwa mpango: miti yote mikongwe iliyo hai inabaki, na kwa kila alama ya mti mkongwe uliokufa wanaachwa warithi wa karibu, yaani miti hai michanga zaidi itakayoshika nafasi yake. Kama warithi ni wanene wanaachwa watatu kwa kila alama mbili, na kama ni wembamba wanaachwa watatu kwa kila alama moja. Si sheria ya kufuatwa kila mahali, lakini inakulazimisha kuanza na ushahidi ulio chini ya miguu yako.

Jambo moja la kuangalia: hali ya hewa ya leo ni ya joto kuliko ile iliyowakuza wazee hao. Ushahidi wa zamani uuchukue kama dira. Pale unaposita kati ya idadi mbili za miti ya kuacha, chagua iliyo ndogo.

Hatua ya 3: Pima kila njia ya kuvuna kwa kipimo cha moto

Makosa makubwa hutokea hapa, maana njia karibu zote huuzwa kwa jina zuri la "kuiga asili".

Anza na iliyozoeleka zaidi zamani: kuweka kipimo cha unene na kukata kila mti unaokizidi. Ni moto uliogeuzwa kichwa chini miguu juu. Moto huua wembamba wenye gome jepesi, ukawaacha wanene. Njia hii inawachukua wanene na kuacha kichaka cha wembamba waliosongamana, tena mara nyingi wa aina zisizostahimili moto. Hakuna hoja ya kiikolojia inayoweza kuitetea katika msitu mkavu.

Kupunguza kuanzia chini, yaani kutoa miti midogo na kuacha mikubwa, ndiko kunakokaribia zaidi kazi ya moto wa nyasi. Kunaondoa ngazi ambayo moto huitumia kupanda kutoka ardhini hadi vileleni. Kasoro yake ni pale mpangaji anapoagiza nafasi sawa kati ya mti na mti, mita kadhaa kila upande. Unapata shamba la miti. Moto haujawahi kutembea na futi kamba.

Kuchagua mti mmojammoja, ukichanganya na kufungua mianya midogo kwa kukata kikundi kizima hapa na pale, kunaiga mambo mawili kwa pamoja: moto wa chini na pigo la mbawakawa. Ponderosa changa hazivumilii kivuli. Bila mianya hakuna kizazi kipya, watakaoota ni miti ipendayo kivuli kama Abies, nayo ya jamii ya misonobari. Mianya ya sehemu ya kumi ya hekta hadi nusu hekta inatosha katika maeneo mengi, mradi kingo zake ziwe zimepindapinda na mkongwe mmoja au wawili wabaki katikati. Mimi ningeanza na njia hii katika karibu kila msitu wa ponderosa.

Kuacha miti mama kwa ajili ya mbegu na kivuli, kisha kuiondoa miche ikishaota, ni njia ya zamani ya wanamisitu. Katika misitu ya mchanganyiko wa Douglas na Larix inaweza kuiga moto wa wastani, kwa sharti kwamba awamu ya mwisho haifanyiki: miti mama inabaki hadi ife yenyewe. Ukiiondoa, umeiga mwanzo wa moto na kusahau kwamba moto haurudi kuchukua magogo.

Kufyeka yote kuna mahali pake, na mahali hapo ni juu kwenye Pinus contorta, ambako moto wenyewe hufanya hivyo. Hata huko moto huacha visiwa vya miti hai na msitu mzima wa miti mikavu, basi nawe uache. Kwenye ponderosa kavu, kufyeka hakuigi chochote kilichokuwa kawaida ya mahali hapo, na miche inayopandwa kwenye uwazi mkubwa, chini ya jua lile, hufa kwa wingi.

Kuvuna miti iliyokwisha kuungua pia huitwa kuiga asili. Sikubaliani. Miti mikavu iliyosimama ndiyo zawadi ambayo moto huuachia msitu. Gogota huchimba humo viota, bundi wadogo na popo huvirithi, na magogo yakianguka hushika unyevu kwa ajili ya miche. Kando ya barabara na nyumba kuna sababu ya usalama ya kuiondoa, na hiyo itajwe kwa jina lake.

Hatua ya 4: Paka rangi miti inayobaki

Kama unaweza kuchagua, weka alama kwenye miti ya kuacha, si ya kukata. Mkono unaopaka rangi mti wa kukata unatafuta mbao. Mkono unaopaka rangi mti wa kuacha unatazama msitu utakaokuwepo kesho.

Msitu wa ponderosa uliolelewa na moto una sura tatu zinazojirudia: mti uliosimama peke yake, kikundi ambacho vichwa vyake vimegusana, na uwazi wa nyasi. Ili kuzihesabu, wapangaji wengi hutumia umbali wa mita 6 hivi: miti iliyo karibu kuliko hapo ni ya kikundi kimoja. Toka kwenye ramani yako ya visiki na orodha ya idadi: wapweke wangapi kwa hekta, vikundi vingapi vya miti 2 hadi 4, vingapi vya 5 hadi 9, na vichache vikubwa zaidi. Mpaka rangi akitembea anajaza orodha hiyo kidogo kidogo, na jioni inaonekana wazi kama amependelea upande mmoja.

Mara nyingi anapendelea wapweke. Kila mti mzuri uliobanana na wenzake unamfanya atake kuupa nafasi, na baada ya siku tatu msitu mzima umepangwa kama bustani. Mzuie mapema. Kindi wa Abert, anayeishi kwenye ponderosa za kusini-magharibi, anahitaji vichwa vilivyogusana ili apite juu bila kushuka. Hatua chache kutoka kikundi chake, nyasi na maua yanahitaji jua kamili. Wote wawili waliishi katika hekta ileile kwa sababu miti haikujipanga kwa usawa.

Ukichagua kati ya aina, acha ponderosa na Larix, toa Abies na miti michanga ya Douglas iliyoingia chini yao tangu moto ulipokoma. Mti mkongwe usiuguse, hata ukiwa umepinda au una kilele kilichovunjika. Kovu lake na tundu lake ni makao ya wanyama.

Hapa utakutana na hesabu ya fedha, na ni vizuri kuikabili waziwazi. Miti midogo hailipi. Gharama ya kuikata na kuisafirisha mara nyingi hupita bei ya mbao zake, na mkandarasi ataomba aongezewe mingine minene "ili kazi iende". Ukikubali mara moja, mpango wote unaelekea kwenye ile njia ya kwanza niliyoikataa. Ni bora kushughulikia hekta chache kwa usahihi na kutafuta fedha za ziada kwa hesabu ya madhara ya moto yanayoepukwa.

Hatua ya 5: Ingiza mashine kwa adabu

Moto haugandamizi udongo kwa matairi. Fanya kazi ardhi ikiwa kavu, au imeganda chini ya theluji. Njia za kuburutia magogo zipangwe kabla, ziachane kwa mita 30 au zaidi, na za zamani zitumike kwanza. Shina lililochunwa na gogo linaloburutwa hubaki na kidonda cha miaka mingi, kwa hiyo kwenye kona acha mti usio na thamani uwe kinga, uukate mwisho.

Hatua ya 6: Usiache karamu kwa mbawakawa

Matawi na vilele vilivyobaki ni kuni. Kupunguza miti na kuacha mabaki yake chini kunaweza kuufanya moto ujao uwe mkali kuliko ambavyo ungekuwa bila kukata chochote.

Tarehe ni muhimu pia. Mbawakawa wa jenasi Ips huzaliana ndani ya vipande vibichi vya msonobari vyenye unene wa sentimita 7 hivi au zaidi. Ukikata kati ya Januari na Juni, unawaandalia kitalu kibichi wakati wanapoanza kuruka, na kizazi kitakachotoka humo kitageukia miti hai uliyoiacha. Ukikata mwishoni mwa kiangazi na vuli za huko (Agosti hadi Novemba hivi), vipande vina muda wa kukauka.

Ukivuna mti mzima na kuukatia matawi barabarani, kuni nyingi zinatoka msituni. Ukikatia papo hapo, matawi yanakuwa mkeka wa kulinda udongo chini ya mashine, lakini kuni zinabaki. Kusaga mabaki kwa mashine hakuziondoi, kunazishusha tu chini. Rundo lolote liwe mbali na shina la mkongwe. Mahali penye kuvu wa Heterobasidion, paka visiki dawa ya borati mara baada ya kukata, kwa sababu mbegu zake hutua kwenye sehemu mbichi.

Hatua ya 7: Rudisha moto wenyewe

Msumeno unaiga umbo la kazi ya moto. Hauwezi kugeuza sindano kuwa majivu, kuamsha mbegu za vichaka, kufungua udongo mtupu kwa ajili ya mbegu za msonobari, wala kuua miche elfu itakayoota baada yako. Mwanamisitu Harold Weaver alieleza mwaka 1943 kwamba moto una nafasi yake katika kulea ponderosa, na haikuwa rahisi kusema hivyo enzi zile. Mwaka 2021 moto uitwao Bootleg ulipita katika hekta 167,000 hivi huko Oregon. Ulipofika kwenye hifadhi ya Sycan Marsh, sehemu zilizopunguzwa miti na kisha kuchomwa kwa mpango ziliungua kwa upole kuliko zile zilizopunguzwa tu.

Kwa hiyo panga uchomaji ndani ya miaka michache baada ya kuvuna, katika masika ya huko (Machi hadi Mei hivi) au vuli, unyevu wa kuni na upepo vikiwa ndani ya viwango vya mpango wako. Waarifu majirani kuhusu moshi mapema. Na fanya kazi hii, wewe binafsi au na kikosi chako, siku chache kabla:

Nenda kwa kila mkongwe na reki. Kwa miaka 100 bila moto, sindano na vipande vya magome vimejikusanya kuzunguka shina hadi kimo cha goti. Chimba kidogo kwa mkono, utaona mizizi myembamba imepanda ndani ya tabaka hilo kutafuta unyevu. Moto ukiingia humo hauwaki, unafukuta kwa saa nyingi, na joto linapenya gome ambalo miali isingeweza kulipenya. Mti uliopita katika moto ishirini hufa kwa huu mmoja mpole. Vuta tabaka hilo kwa upole hadi mita moja hivi kutoka shinani, ulisambaze, usilirundike. Ukiweza, fanya hivyo miaka miwili mfululizo, ili mizizi ishuke yenyewe.

Hatua ya 8: Rudi

Mwaka wa kwanza baada ya moto, msitu utaonekana mchafu: magome meusi, sindano za kahawia, mti mmoja mmoja ukifa. Usikimbilie kuivuna hiyo. Hesabu mikongwe iliyokufa, na kama ni mingi, tafuta kosa kwenye reki au kwenye siku uliyochagua kuchoma.

Mwaka wa pili na wa tatu pitia mianya uone kama nyasi zimeshika na kama miche ya ponderosa imeanza kujitokeza. Mwaka wa tano piga magoti. Pima sindano zilizodondoka chini, ukubwa wa miche, na kama kuna nyasi za kutosha kubeba moto mwingine. Ukiona miche imefika magotini na imejaa kila mahali, tarehe ya moto wa pili imefika.